Fahali wa Mtungini

Mtungi wangu wa kwanza wa naitrojeni siku hizi umekaa jikoni, na ndani yake mna ndengu. Mke wangu aligundua kwamba shingo yake ni nyembamba, panya hapiti, na fukusi hajui mlango. Basi kila mavuno huchagua punje nzuri za kupanda na kuzimimina humo kidogo kidogo. Mgeni akiuliza kile chombo cha alumini ni cha nini, mke wangu humjibu bila kucheka: "Ni cha mbegu. Siku zote kimekuwa cha mbegu."

Hapa Zombe, Kitui, wananiita Nzaũ, yaani fahali. Jina hilo nililipata mwaka 1995, siku niliposhuka kwenye basi nikiwa nimeupakata mtungi huo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kazi yangu vitabuni huitwa uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mbegu za fahali kwa mrija. Watu wa huku husema tu kwamba Nzaũ amekuja kudunga ng'ombe. Nimestaafu sasa, na nina nafasi ya kueleza jambo ambalo limenikaa rohoni: mrija wa mbegu ulichukua miaka 60 kutoka mashamba ya walowezi hadi Zombe, safari ambayo lori la mbuzi huimaliza kwa siku moja.

Nilizaliwa mwaka 1961, mwaka wa yua ya ndeke, njaa iliyopewa jina la ndege zilizoleta chakula. Sisi Wakamba huhesabu miaka kwa ukame, kama wengine wanavyohesabu kwa wafalme wao. Baba alikuwa na ng'ombe thelathini na kitu, zebu wadogo wenye nundu, wa rangi zote ambazo Mungu alizikumbuka. Kiangazi kikikaza, vijana waliwapeleka syengo, kambi za malisho huko nyikani, upande wa Endau na Malalani, ambako nchi hulala tambarare kuelekea Tana. Waliishi huko kwa maziwa na kwa maji yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mito ya msimu, mpaka mvua ilipowaita nyumbani.

Ng'ombe wengine wa baba hawakulala kwetu kabisa. Walikuwa kwa rafiki zake upande wa Mutito na upande wa Voo, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija wasimkute na zizi moja tu. Na ulipofika wakati wa kuamua ni ndume gani atakayeachwa awe fahali na ni wepi watakaohasiwa wavute plau, baba hakumtazama ndume mwenyewe hata kidogo. Alimuuliza mama yangu habari za mamaye: amezaa mara ngapi, amevuka yua gani, na wakati wa yua hiyo alikuwa akinyonyesha au alikuwa mkavu. Akina mama ndio waliokamua, kwa hiyo wao ndio waliojua. Hiyo ndiyo iliyokuwa sayansi ya uzalishaji mifugo katika boma letu, nayo ilitunzwa kichwani mwa mwanamke.

Baba alipokuwa bado kijana mchungaji, upande mwingine wa nchi hii mambo mengine yalikuwa yameanza. Uhimilishaji uliingia Kenya mwaka 1935, katika mashamba ya walowezi. Lililowasukuma kwanza ni ugonjwa. Fahali mmoja alikuwa akipita kundi baada ya kundi akiacha maradhi ya uzazi nyuma yake. Ng'ombe wakatupa mimba, wengine wakarudia joto kila wiki ya tatu bila kushika. Dawa ikaonekana ni kumzuia fahali asikutane na ng'ombe, ila mbegu zake zifike. Fikra yenyewe haikuwa mpya. Padri Mwitaliano Lazzaro Spallanzani alimtungisha mimba mbwa kwa njia hiyo mwaka 1780, na Mrusi Ilya Ivanov akaigeuza kuwa kazi ya mashamba mwanzoni mwa karne ya 20. Daktari wa mifugo James Anderson, aliyefanya utafiti huo hapa Kenya, alitoa kitabu juu ya mbegu za wanyama mwaka 1945. Kwa hiyo msomaji asidhani Kenya ilikuja nyuma ya dunia. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangulia. Waliokuja nyuma ni sisi.

Ikumbukwe jambo lililotokea miaka mitatu tu baada ya 1935. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos, wakati huo pamoja na Makueni, wana ng'ombe wengi kuliko ardhi yao inavyoweza kubeba, kwamba udongo unamomonyoka, na kwamba ng'ombe hao wapunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River kikiwangoja. Mwezi Julai maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi huko wiki sita wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza kamba. Ukiziweka tarehe hizo mbili pamoja utaona mambo yalivyokuwa. Ng'ombe wa mlowezi akiwa dhaifu, jibu lilikuwa mbegu bora. Ng'ombe wa Mkamba akiwa dhaifu, jibu lilikuwa kiwanda cha nyama.

Habari hizo zilifika Zombe na hazikuondoka. Miaka 57 baadaye, nilipofungua mtungi wangu kwa mara ya kwanza mbele ya wazee na moshi ule mweupe wa baridi ukafurika mdomoni mwake, mzee mmoja alirudi nyuma hatua mbili akauliza: "Mwanangu, serikali inataka kuhesabu ng'ombe tena?"

Lakini nisiruke mbele. Mwaka 1946 kulianzishwa Kabete kituo kikuu cha mbegu za mafahali. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wa nyanda za juu mlango wa kufuga ng'ombe wa gredi, na baada ya uhuru, mwaka 1966, ikaundwa huduma ya taifa ya uhimilishaji kwa msaada wa Sweden. Baridi nayo ilikuwa imepatikana. Mwaka 1949 wanasayansi wa Uingereza, Christopher Polge na wenzake, waligundua kwamba mbegu zikichanganywa na gliserini huweza kugandishwa zisife. Ukiziweka katika naitrojeni ya maji, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hukaa miaka mingi. Fahali anaweza kufa leo na mjukuu wako akapata ndama wake.

Mimi niliingia chuo cha mifugo cha AHITI pale Kabete mwaka 1982, nikapelekwa Murang'a. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Gari lilipita barabara ile ile, saa ile ile, kila siku. Kando ya barabara palikuwa na vizuizi vya mbao, na mwenye ng'ombe aliyeingia joto alimleta hapo na kusimama naye kama abiria anayengoja matatu. Nilivaa glavu ndefu hadi begani, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mkundu kushika mlango wa kizazi kwa ndani, wa kulia ukasukuma mrija polepole. Dakika tatu, nikanawa, nikaandika kadi. Kwenye kadi palikuwa na mahali pa jina la mwenyewe, tarehe, namba ya fahali, na mahali pa mama wa ng'ombe. Fahali alikuwa na namba siku zote. Mahali pa mama, kama ng'ombe alikuwa wa kienyeji, tulichora kistari tukaendelea.

Mkulima alilipa kidogo mno, mzigo ulikuwa wa serikali. Mwaka 1979 huduma hiyo ilipita dozi laki tano kwa mwaka. Mimi nilikuta kilele kimekwisha kupita, ila mtu aliye mlimani hajui kwamba anateremka mpaka magoti yaume.

Niliwahi kuuliza kwa nini gari lile halikufika kwetu. Sikupata chuki katika jibu, nilipata hesabu. Gari la mzunguko lahitaji ng'ombe wengi waliofungwa karibu karibu, barabara isiyokatika, chama cha ushirika kinachonunua maziwa, na naitrojeni kila wiki. Zombe haikuwa na hata kimoja. Mrija ulifuata chai, kahawa na lami. Sisi tulikuwa na pamba kidogo, mbuzi wengi na vumbi.

Kisha ukaja mwaka 1984. Mvua ndefu hazikuja. Wakamba waliuita ukame ule nikw'a ngwete, nitakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu pesa zilikuwepo ila dukani hapakuwa na unga. Nilipopata ruhusa nikaja nyumbani, zizi la baba lilikuwa na ng'ombe wanne. Mizoga ya wengine ilikuwa njiani tangu Endau, ngozi zimekauka juu ya mbavu kama hema. Kati ya wale wanne kulikuwa na mmoja mwekundu, pembe yake moja imeinama juu ya jicho, ana mimba. Sijui alikuwa akila nini. Novemba, mvua ilipoanguka, akazaa ndume. Baba hakumhasi. Mimi nilikuwa nimerudi Murang'a, nikibeba mbegu za Friesian za kutosha wilaya nzima, na nyumbani kundi letu lilikuwa limesimama juu ya miguu minne ya ndama yule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kujitoa, watu binafsi wakaruhusiwa kuifanya kazi hiyo, na mimi nikaacha mshahara nikanunua mtungi uliotumika. Nilidhani nimeleta wokovu. Zombe ilinifundisha kazi upya.

Somo la kwanza lilikuwa baridi. Naitrojeni hupungua kila siku hata ukiifunika. Kuipima, unazamisha kijiti, unakitoa, unangoja umande ugande juu yake: mstari mweupe unapoishia ndipo ilipofika. Wiki moja basi lililoleta naitrojeni yangu liliharibika njiani siku mbili. Kijiti kilitoka kikavu. Mbegu zilizokufa hazinuki wala hazibadiliki rangi. Nilizimwaga nyuma ya choo, na nikawarudishia watu watatu pesa zao.

Somo la pili lilikuwa usiku. Ng'ombe wa Kizungu akiingia joto hukutangazia kijiji kizima, na kanuni tuliyofunzwa ni kwamba aliyeonekana asubuhi hudungwa jioni. Zebu wetu joto lake ni fupi, na mara nyingi huja gizani, ndani ya boma la miiba, wakati mchungaji amelala. Kulipokucha ng'ombe alikuwa ametulia kama asiyejua lolote. Wachungaji walionisaidia walikuwa watoto. Waliona matope kwenye kiuno cha ng'ombe, alama ya miguu ya mwenzake aliyempanda, wakanikimbilia. Nikawa nawapa peremende.

Somo la tatu lilikuwa nundu. Ndama wangu wa kwanza wa Friesian walikuwa wakubwa, weusi kwa weupe, watu wakaja kuwatazama. Jike mmoja alitoa maziwa yaliyojaza ndoo, akanywa maji ya ng'ombe watatu, akauawa na ndigana kali kabla ya kuzaa mara ya pili. Ndume alihasiwa akafungwa plau. Lakini nira ya huku hushikwa na nundu, na yule kijana wa Kizungu mgongo wake ulikuwa tambarare kama meza. Nira ikateleza hadi kichwani. Mzee mwenye shamba alisimama kwenye mfereji wake akaniita: "Nzaũ, umeniletea ng'ombe asiye na mahali pa kufungia kazi."

Nikabadili mafahali. Nikaleta Sahiwal, ng'ombe wa Bara Hindi aliyeletwa Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 na kukuzwa Naivasha, ana nundu na ana maziwa. Nikaleta Boran, ambaye wafugaji wake hapa Kenya wana chama tangu mwaka 1951. Hao waliishi. Ukame wa mwaka 2000 uliwakondesha, wa 2009 ukawaua wengine, lakini walibaki wa kuhesabiwa.

Miaka kadhaa baadaye nilialikwa kwenye ranchi moja huko tambarare za Athi kusaidia kushika ng'ombe. Walikuwa wakifanya uhawilishaji wa viinitete. Ng'ombe jike bora wa Boran alidungwa homoni siku nne mfululizo ili akomaze mayai mengi kwa pamoja, akahimilishwa, na siku ya saba kizazi chake kikasuuzwa kwa maji maalumu kupitia mpira mwembamba. Maji yale yalichujwa yakatazamwa kwa hadubini. Nilipoinama nikaona kidude cha mviringo, kama tunda la forosadi, nikaambiwa huyo ni ng'ombe. Kila kiinitete kiliwekwa ndani ya ng'ombe mwingine wa bei ndogo, aliyeingia joto siku moja na yule jike bora, ili ambebee mimba. Jike bora hakuwa na haja ya kubeba hata mmoja, angerudi kusuuzwa tena.

Niliporudi nilijaribu kumweleza mama yangu jambo hilo kwa maneno ya kitabuni, nikashindwa. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema: "Si ni iweto tu?" Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto huweza kumtolea mahari msichana, akamleta nyumbani, naye akazaa watoto walio wa nyumba ya yule aliyeoa. Mama alikuwa ameipata yote kwa neno moja. Halafu akaongeza swali ambalo hakuna mtu aliyeliuliza kule ranchi: "Na huyo anayebeba, walimchagua kwa nini yeye?" Nikasema kwa sababu ni mgumu, hafi ovyo. Mama akanyamaza kidogo. "Basi wanajua," akasema.

Swali lake lilinirudisha kwenye habari niliyoisikia kazini miaka mingi kabla. Uhawilishaji si jambo la jana. Walter Heape aliufanya kwa sungura huko Uingereza mwaka 1890, na ndama wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1951. Katika miaka ya 1980 viinitete vya ng'ombe wa N'Dama viligandishwa Gambia, vikasafirishwa hadi Kenya, vikawekwa ndani ya Boran, wakazaliwa. N'Dama ni mfupi na maziwa yake ni haba. Walimtaka kwa sababu anaishi na mbung'o wala nagana wanayoieneza haimwangushi, na watafiti wa Nairobi walitaka kujua siri yake. Katika miaka ya 1990 viinitete vya Boran wetu navyo vikaenda Afrika Kusini, ambako Boran sasa ana jina kubwa mnadani. Kwa hiyo baridi ile ile iliyoniletea Friesian asiye na nundu ilikuwa na uwezo wa kubeba ugumu pia, ikiwa kuna mtu aliyeutaka.

Kituo cha Kabete kilibadilishwa jina mwaka 2011, kikawa Kituo cha Rasilimali za Jeni za Wanyama cha Kenya, na mwaka 2013 kazi ya mifugo ikashushwa kaunti. Vijana wanaonirithi wana pikipiki na simu. Wana hata mbegu zilizochaguliwa jinsia, ambazo ndama tisa kati ya kumi huwa majike. Njia ya kutoka Kitui kuja huku hupita karibu na jiwe la Nzambani, ambalo tangu utotoni tuliambiwa ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume awe mwanamke na mwanamke awe mwanamume. Nilimwambia kijana mmoja kwamba mrija wake ni Nzambani ya ng'ombe, akacheka, akaniuliza kama niliwahi kulizunguka. Nilifika mara sita nikaogopa.

Katika orodha zote za mafahali nilizobeba, tangu Murang'a hadi Zombe, sikuwahi kumkuta zebu wa Kikamba. Ndume yule wa mwaka 1984 alizaa nusu ya ng'ombe wa kitongoji chetu, na hakuna tone lake lililogandishwa. Nilikuwa na mtungi mkononi, nikiwa nimesimama karibu naye, na haikunijia akilini. Ndivyo nilivyofunzwa: mbegu ni kitu kinachokuja kutoka kwingine.

Mwaka jana alikuja kijana wa jirani, amerithi ng'ombe sita, anataka Sahiwal. Nilimwitia mmoja wa vijana wa pikipiki, nikaenda naye nione. Kabla hajavaa glavu nilimwomba mwenye ng'ombe aende kwanza akamuulize mamake habari za yule jike. Aliniangalia kama mzee anayepoteza wakati wa watu, lakini akaenda. Alirudi na karatasi ya daftari ambayo mamake alikuwa ameitaja naye akaandika: nyanya ya nyanya, mwekundu, pembe iliyoinama, 1984. Mtoto wake, 2000. Mjukuu, 2009, alinyonyesha. Wa sasa, ukame wa juzi wa misimu mitano, alizaa.

Nilichukua kadi mkononi mwa kijana wa pikipiki. Namba ya fahali alikuwa ameshaijaza. Mahali pa mama alikuwa amechora kistari. Nilikikata, nikaandika juu yake kwa herufi ndogo ili zienee.